Pikapu Mbili za Gita la Baba

2 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba goti lako limepunguza maringo. Sisi huku wazima wa mwili. Utaona muhuri wa masjala nyuma ya bahasha. Usifikiri nimeichukua ofisini kwa wizi. Ni bahasha iliyoharibika, ilishaandikiwa kutupwa, na karatasi nimenunua mwenyewe.

Najua ni miaka sita hatujaandikiana. Baba hakunikataza. Ila nyumbani jina lako halitajwi, nami sikuwa na ujasiri wa kuwa wa kwanza kulitaja. Anwani nimeipata kwa Mama. Alinipa, kisha akasema yeye hajanipa kitu.

Shida yangu ni gita la Baba. Unalijua kuliko mimi, lakini nieleze yote ili usije ukasema nilificha. Lina pikapu mbili, zile sumaku zilizozungushiwa waya zinazolala chini ya nyuzi na kupeleka sauti kwenye amplifaya: moja shingoni, moja karibu na daraja. Ya darajani imekufa tangu mwezi wa nne. Baba hupenda swichi ikae katikati, zote mbili zilie pamoja. Sasa inalia ya shingoni peke yake, sauti imekuwa nene, na bendi ikishika kasi inazama chini ya besi na kinanda. Watu wanaona vidole vyake vinacheza, hawasikii kitu.

Kiongozi wa bendi ni yuleyule Mzee Tai, na tai bado haivui hata kwenye joto. Amempa Baba hadi onyesho la tarehe 29. Asiposikika siku hiyo, nafasi ya solo anapewa mwingine, ambaye tayari anakuja mazoezini kukaa kitini na kusikiliza, gita lake mapajani. Baba ana miaka ishirini na miwili katika bendi ile. Nikimwambia tulipeleke gita kwa fundi, ananijibu kwamba gita limechoka kama mwenyewe, tuwaache wachoke pamoja. Fundi hamtaki kabisa. Nadhani sababu unaijua.

Amepata kazi ya kupaka rangi shule moja nje ya mji, na atarudi tarehe 20. Gita limebaki kabatini. Nimewaza kulifungua na kubadilisha ile iliyokufa kabla hajarudi. Kuna mwuzaji ana pikapu za kampuni tatu tofauti: boksi jekundu, boksi la kijivu na boksi jeusi. Nimeziandalia jedwali, liko nyuma ya barua hii. Naelekea kwenye ile ya boksi jeusi kwa sababu ndiyo yenye namba kubwa kuliko zote. Naomba ushauri wako, na naomba barua hii ibaki kati yetu.

Mwanao,
Karani


5 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapunguza maringo, tumezoeana tu. Macho bado yanaona waya mwembamba kuliko unywele, masikio yamebaki vilevile, na duka halijafungwa. Nashukuru umeandika na hukupiga simu. Mambo ya waya hayaelezwi kwa simu. Mtu anatakiwa awe na karatasi mezani na chuma cha moto mkononi.

Jedwali lako nimeliona. Safu saba, baba. Umeandika hadi uzito wa boksi. Lifunge fremu ulitundike ofisini, mkubwa wako akupandishe cheo.

Sasa sikiliza. Hiyo namba unayoipenda ni ukinzani wa waya. Inakuambia waya ni mrefu kiasi gani na mwembamba kiasi gani, basi. Kuchagua pikapu kwa namba hiyo ni kama kumchagua mwimbaji kwa kumpandisha kwenye mizani. Ya boksi jeusi ni ya wapiga kelele. Ukiiweka darajani, ile ya shingoni itasikika kama mgonjwa anayeomba maji chumba cha pili. Ya boksi jekundu ni nzuri lakini laini. Pale darajani nyuzi zimekaza, hazitikisiki sana, na laini juu ya kukaza ni kupotea. Chukua ya kijivu. Inaizidi ya shingoni nguvu kidogo, na hicho kidogo ndicho tunachokitaka.

Usiogope kwamba kampuni si moja. Watu wanadhani pikapu za kampuni mbili hazilali chumba kimoja. Zinalala, ukijua tabia ya kila moja. Ya shingoni usiiguse, ni ileile iliyotoka kiwandani. Yangu niliyoiweka baba yako aliing'oa akaitupa chooni, na alinitumia salamu nzima kunieleza alivyoitupa. Ya kiwandani na hii ya kijivu nimeshazioanisha mara nyingi. Hazigombani.

Kazi yenyewe: legeza nyuzi, fungua bamba la mbele, tazama waya mbili za ile iliyokufa zimeshikwa wapi. Chora kabla ya kugusa. Yeyusha risasi inayoshika waya, toa waya, weka mpya kwa utaratibu wa kiwanda ulioandikwa kwenye boksi, moto usikae zaidi ya kuhesabu tatu. Ukimaliza, ipandishe hadi kati yake na nyuzi ubaki unene wa sarafu mbili. Ya shingoni iache chini kidogo, sumaku ikisogea mno itauvuta uzi na noti itapinda.

Nina sharti moja. Baba yako akirudi, umwambie umelifungua kabla hajaligusa. Usimwache agundue. Ulikuwa shule wakati ule, sijui uliambiwa nini. Aliniletea gita nisafishe swichi. Nikampa pikapu ya shingoni niliyoizungusha mwenyewe, bila kumuuliza, nikitaka ashtuke kwa furaha. Akashtukia jukwaani, mbele za watu. Alipokuja juu, nikamjibu, "Sasa angalau una sauti." Gita halikuwa na kosa siku ile. Mdomo wangu ndio uliokuwa na kosa, na kutouliza. Hayo mawili usiyarithi.

Shangazi yako


12 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi nina lengelenge kwenye kidole gumba na sijalala vizuri, vinginevyo mzima.

Nimefanya kila ulichosema. Nilitandika gazeti, nikapiga hesabu ya skrubu, nikaweka kila skrubu kwenye bahasha yake na namba juu. Nilichora kabla ya kugusa. Nilihesabu tatu, na mara moja nilihesabu haraka mno nikalazimika kurudia. Ya kijivu imeingia bila kulazimishwa. Nikabana nyuzi, nikachomeka amplifaya ya Baba, nikaipunguza hadi sauti ya kunong'ona kwa sababu ya majirani.

Ya darajani peke yake: safi. Ya shingoni peke yake: vilevile kama zamani. Nikaona nimeshinda. Nikaweka swichi katikati, anapopapenda Baba, na sauti ikaondoka, Shangazi. Haikukatika. Imebaki nyembamba, ina pua, kama redio iliyofunikwa na sufuria. Mbili pamoja zinatoa kidogo kuliko moja. Nimejaribu mara kumi na nne. Nimeshusha, nimepandisha, nimebadilisha waya wa amplifaya. Katikati ni palepale, pamekufa.

Nadhani nimeliharibu. Kabla sijaligusa, Baba alikuwa na gita lenye pikapu moja nzima na hasira kwa Mzee Tai. Sasa atakuwa na gita lenye pikapu mbili zinazoangamizana na hasira kwangu. Zimebaki siku nane. Ofisini leo nimepiga muhuri wa kesho kwenye faili za leo, nikalazimika kuziandikia maelezo zote kumi na moja.

Kuna jambo jingine, labda halina maana. Ulisema ya shingoni ni ya kiwandani. Hii niliyoikuta imezungushiwa uzi wa kijani wa kushonea juu ya waya, mizunguko mitatu, na fundo dogo. Haina jina wala namba. Haina kifuniko cha chuma kama ile ya kijivu. Je, kiwanda hufunga hivyo?

Kuhusu sharti lako, naomba tulizungumze baadaye.

Mwanao


16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukuandikia kabla ya jibu lako. Dereva wa basi anayetubebea barua anasema bahasha aliikabidhi dukani kwako tarehe 13 mkononi mwa mwenyewe, na akaeleza umevaa miwani. Sitaki kuharakisha. Nataka tu kujua kama u mgonjwa, au kama nimeandika neno lisilofaa. Nimeisoma nakala yangu mara tatu na sikuliona.

Baba amepiga simu kwa Mama. Rangi imekauka mapema. Huenda akarudi tarehe 19.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Si mgonjwa, na hukuandika neno baya. Barua niliipata tarehe 13. Niliisoma, nikaiweka juu ya kabati, nikatengeneza redio tatu ambazo wenyewe hawakuwa na haraka nazo.

Kiwanda hakifungi uzi wa kijani. Uzi ule ulitoka kwenye cherehani ya bibi yako, nilikuwa nimeishiwa gundi. Hiyo pikapu ni yangu. Kumbe haijawahi kuona choo. Baba yako amepiga nayo miaka sita, kila wikendi, na miaka sita hiyohiyo hajanipa hata salamu ya kupeleka kwa mtu. Sijui nicheke au nimtukane, kwa hiyo nitakueleza waya.

Huku kwako hujaharibu kitu. Kosa ni langu, tena la zamani. Mimi natumia mkono wa kushoto. Mashine yangu ya kuzungushia waya nimeijenga kwa mkono huo, kwa hiyo waya wangu huenda kinyume na wanavyozungusha kiwandani. Pikapu mbili zikielekea njia moja, sauti zinajumlishana. Moja ikielekea kinyume, uzi ukitikisika, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na unabaki na mabaki. Hiyo ndiyo redio yako ya ndani ya sufuria.

Utauliza mbona zamani zililia vizuri. Zililia kwa sababu kila pikapu ina waya mbili, na ukizibadilishana nafasi, inageuka njia. Moja ilibidi igeuzwe. Mtu mwenye akili angegeuza yangu, mgeni. Mimi niligeuza ile ya darajani, ya kiwandani, ili iifuate yangu. Nikasema moyoni mwenyeji atajifunza. Sasa ile ya darajani imekufa, umeweka ya kijivu kwa utaratibu wa kiwanda kama nilivyokufundisha, na yangu imebaki peke yake imetazama ukutani.

Hakikisha kwanza, usiniamini kwa sababu ya umri. Azima ile mita ya umeme yenye mshale, si ya tarakimu. Ishike kwenye waya za pikapu moja, gusa juu ya sumaku kwa bisibisi, kisha ivute bisibisi ghafla. Tazama mshale umeruka kulia au kushoto. Rudia kwa ya pili. Kama moja inaruka kulia na nyingine kushoto, ni kama nilivyosema.

Ukihakikisha, geuza yangu. Ya kijivu usiiguse, kifuniko chake cha chuma kimeshikana na waya wake wa ardhi, ukiigeuza kitanguruma kila baba yako akikigusa. Yangu haina kifuniko, haina cha kupoteza. Waya mweupe uende ulipokuwa mweusi, mweusi ulipokuwa mweupe. Ni kazi ya dakika tano. Ilikuwa ya dakika tano wakati ule pia.

Sharti langu umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Nimeliona. Hujachelewa. Mwambie umelifungua, na mwambie ni mimi niliyekuelekeza, usinifiche kabatini. Ila habari ya uzi wa kijani usiitaje. Mwenye kuficha ana haki ya kutoa mwenyewe.

Shangazi yako


24 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri, na Mama anakusalimu, safari hii waziwazi.

Mshale uliruka kulia kwa ya kijivu na kushoto kwa yako. Nilirudia mara sita kwa kila moja. Tarehe 18 niligeuza waya zako. Nilipoweka swichi katikati nilisubiri kidogo kabla ya kugusa uzi, na nilipougusa, Mama aliyekuwa jikoni akafunga bomba la maji. Sina la kuongeza hapo.

Baba alirudi tarehe 19 saa tisa mchana. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumwambia, nusu ukurasa, nimeyakariri. Alioga, akala, akaniuliza habari za ofisi. Nikamweleza ofisi kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha akainuka kwenda kabatini, na yale maneno yote yakanitoka kichwani.

Nikasema, "Baba, gita nimelifungua."

Akasimama na mkono kwenye mlango wa kabati. "Umelifungua vipi?"

"Bamba la mbele. Nimebadilisha ya darajani."

"Nani alikuonyesha?"

"Shangazi."

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, Baba."

Alikaa kitandani. Sikujua nikae au nisimame, nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta kiatu. Akauliza, "Na ya shingoni uliiona?"

"Niliiona."

"Uliona nini?"

"Skrubu mbili, Baba."

"Sijakuuliza skrubu."

Shangazi, nilikumbuka ulivyosema, na uzi wa kijani sikuutaja. Mwishowe akatazama dirishani akasema, "Siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Choo kilikuwa mbali." Kisha akaniambia nitoke nifunge mlango.

Siku mbili hakusema nami. Hakuligusa gita, au aliligusa bila kulichomeka, sijui. Nilikwenda kazini nikiamini nimewapoteza wawili, wewe kwa kuchelewa kutimiza sharti na yeye kwa kuwahi kulifungua gita lake. Juzi jioni akalibeba kwenda mazoezini na hakuniaga. Nilimfuata kwa mbali, nikakaa nje ya ukumbi kwenye ngazi. Yule mpigaji mwingine alikuwa ndani, kitini kwake. Walianza wimbo wa haraka, ule ambao Baba huzama. Hakuzama. Katikati ya wimbo nikamsikia Mzee Tai akisimamisha watu, nikajua basi. Akamwambia wa kinanda, "Wewe punguza, unamfunika solo." Wakaendelea. Baada ya nyimbo mbili yule wa kitini akatoka na gita lake mgongoni, akanipita, akasema, "Baba yako amekula nini?" Nikasema sijui. Ratiba ya tarehe 29 imebandikwa leo na jina la Baba lipo pale lilipokuwa.

Ningemalizia hapa, lakini sasa hivi, baada ya chakula, Baba amekaa mbele yangu akasema, "Unamwandikia, si ndiyo? Andika." Kwa hiyo yanayofuata ni maneno yake.

Anasema anakusalimu na anauliza afya yako. Anasema pikapu ya darajani kwa ujumla ni nzuri, isipokuwa anahisi kwamba kwenye uzi wa kwanza huenda ina ukali kidogo, na angependa kufahamu kama kuna namna ya

*Dada,*

*Shikamoo. Nimemnyang'anya kalamu. Sikusema kwa ujumla wala sikusema huenda. Nilisema hii ya kijivu inachoma sikio kwenye uzi wa kwanza, na mtoto wako anaandika kana kwamba anaomba likizo.*

*Nimeishusha robo mzunguko, bado inachoma. Yako sijaigusa, ila naona umeigeuza. Hii ni mara ya pili unaligeuza gita langu bila mimi kuwepo, na safari hii umemtuma mwanangu mwenyewe.*

*Habari ya choo niliisema kwa sababu uliniambia sasa nina sauti. Niliipiga wiki nzima kabla ya kuamua kuing'oa, halafu sikuing'oa. Ningekuambia. Siku zikawa nyingi.*

*Onyesho ni Jumamosi. Njoo Alhamisi na chuma chako cha kulehemu na ile miwani. Utalifungua hapa mezani kwangu, mimi nikiwa nimekaa palepale nakutazama, na kabla ya kugusa skrubu ya kwanza utaniuliza.*

*Mdogo wako*